Pua ya Mwanzilishi

Inspekta alipanda ngazi, akamtazama marehemu usoni, akampapasa mahali pua ilipokuwa. Marehemu hakulalamika. Alikuwa wa marumaru, kifua kwenda juu, amesimamishwa mbele ya kiwanda cha kuyeyusha shaba alichokianzisha mwenyewe.

"Iliondoka lini?"

"Jumapili jioni ilikuwepo. Usiku mvua kubwa ikanyesha, Jumatatu tukakuta vipande chini," alisema Mkurugenzi, mikono kiunoni. "Na aliyeivunja namjua. Yule pale."

Yule pale alikuwa mlinzi wa lango, mtu mpole mwenye watoto wadogo, amekaa nje ya kibanda chake kama anayesubiri kung'olewa jino. Wiki iliyopita alinyimwa likizo, akanung'unika mbele ya watu. Tena kibandani mwake ilikutwa nyundo yenye vumbi jeupe. Mkurugenzi alitaka afukuzwe siku ile ile, apelekwe polisi kwa kumdhalilisha baba yake. Mjane wa marehemu, mama mzazi wa Mkurugenzi, ndiye aliyekataa. Alisema kwanza aitwe Inspekta, ambaye baada ya kustaafu alikuwa akifuga kuku, na kwa kweli kuku walikuwa wamemchosha.

"Nyundo ni yangu, Afande," mlinzi alisema. "Kila mtu hapa huiazima. Lakini mzee sijamgusa. Yeye ndiye aliyeniajiri."

Inspekta aliipokea nyundo, akaigeuza. Kisha akapitisha kidole juu ya redio ya mlinzi, juu ya kofia yake, juu ya birika lake la chai. Kila mara kidole kilitoka cheupe. Akainua macho. Plasta ya ukuta wa kiwanda ilikuwa ikipukutika kama unga, na unga wote ulikuwa unatua kibandani.

"Kwa ushahidi huu," alisema, "hata birika lipelekwe mahakamani."

Mkurugenzi aliguna, akarudi ofisini.

Mchana, mjane alimkaribisha Inspekta chai nyumbani kwake, ng'ambo ya barabara. Chai yenyewe ilichelewa, maana mama yule alikuwa na mengi ya kuonyesha. Alimwonyesha mchicha wenye madoa ya kahawia, kama uliomwagiwa maji ya moto. Akampeleka jikoni wakatazama mawingu kupitia matundu ya bati. Akatoa shuka aliyoisahau kambani siku ya mvua. Alipoivuta kidogo tu, ikachanika.

"Bati hilo bado changa, mwanangu. Mvua yetu hii ina meno."

"Mwanao umemwambia?"

"Mpaka ulimi umeota sugu. Anasema ni uzee wangu, eti bustani nimeshindwa kuitunza."

Inspekta aliomba kikombe cha maji kutoka kwenye pipa la mvua, akakipeleka shule ya jirani. Mwalimu wa kemia alichovya karatasi yake ya kupimia, nayo ikawa nyekundu kabla hajamaliza kuvaa miwani. Moshi wa kuyeyusha shaba una salfa, alieleza. Huko juu hukutana na mawingu, ukashuka tena ukiwa tindikali. Na tindikali na marumaru haziivi chungu kimoja.

Inspekta akarudi kwa marehemu, safari hii na macho mapya. Mashavu yalikwaruza kama sukari. Masikio yalikuwa yamekonda. Herufi za jina lake zilikuwa karibu kufutika, na upande uliotazama bomba la moshi ulikuwa umelika kuliko ule mwingine. Akaona kesi imekaa sawa.

Ofisini hakuzunguka mbuyu. "Mhalifu wako anatoka kwenye bomba lako, Mkurugenzi. Wewe unampandisha akiwa moshi, yeye anarudi akiwa mvua. Amekula mboga za mama yako, bati lake, plasta yako. Uso wa mzee umelainika kiasi kwamba pua ilikuwa inangoja mvua moja kubwa. Mlinzi hana kosa."

Mkurugenzi alifungua mdomo kubisha, lakini macho yake yakapita dirishani yakamkuta baba. Huyu ndiye mtu ambaye kila mwaka, siku ya kumbukumbu, alimfuta vumbi kwa leso yake mwenyewe.

"Kumbe mimi ndiye ninayemla," alisema taratibu.

Alishuka akamwomba mlinzi radhi mbele ya watu wale wale waliosikia akimtuhumu, akampa na likizo yake. Kisha akaamuru tanuru zizimwe mpaka bomba lifungwe mitambo ya kuchuja moshi. Wahasibu walishika vichwa. Yeye hakurudi nyuma.

Siku mitambo ilipowasili, Inspekta alikuja kuaga. Mjane alimsindikiza hadi kituo cha basi, amemfungia mbegu za mchicha kwenye kitambaa, uso umemnawiri kama bibi harusi.

"Pole kwa pua ya mzee, Mama," Inspekta alisema.

"Pole ya nini? Kilichoniuma ni mlinzi tu. Sikudhani watamshuku yeye, ndiyo maana nikakuita mbio mbio." Akamkabidhi mbegu. "Marehemu alikuwa msikivu, angenishikia hata ngazi. Ni huyu mwanawe aliye mgumu. Asingeelewa kwa pua, nyundo ningeihamishia masikioni."