Lebo ya Susu

"Itangazwe kote Makongeni kuwa mali yote ya ruzuku ya serikali ina lebo, kama wakili wetu alivyoagiza!" Mutheu alimwambia mkaguzi wa serikali, wakili akiwa kando, kwa sauti ya gwaride la shule. Lebo ikikosekana, kikundi cha wafugaji kuku kingenyang'anywa mashine ya kuangulia vifaranga.

Mashine ilikuwa sawa. Kisha Susu, nyanya yake Mutheu na mwenyekiti wa kikundi, akageuka kumimina chai. Mgongoni, kwenye sweta, palibandikwa lebo: MALI YA SERIKALI. HAIUZWI, HAIAZIMWI.

"Wakili, chenye lebo ni chetu," mkaguzi akasema. "Na huyu mama tumchukue?"

Wakili akafumba macho.

"Mutheu!" Susu akanguruma.

"Ni mimi, Susu. Jumatatu narudi bweni. Nilitaka tu nikija likizo nikukute bado uko hapa."