Fimbo Mbili Mlangoni

Kila alipofika kibandani, mzee Thembo alifanya mambo yale yale: aliegemeza fimbo nje ya mlango, akawasha kuni zilizoachwa na mgeni aliyetangulia, akateleka maharage. Kibanda cha wapanda milima hakikuwa na mlinzi, kilikuwa na desturi tu. Watu wa msafara mmoja huegemeza fimbo zao pamoja. Ukitaka kujua ndani wako wangapi, unahesabu fimbo.

Jioni hiyo, maharage hayajachemka, mlango ukapigwa teke.

"Simama! Kaa! Wewe nani?"

Thembo alisimama, akakaa. "Thembo, afande. Mubeba mizigo wa Bwera."

Kapteni Lamunu aliingia peke yake, buti zimejaa matope, kifimbo chake cha cheo kwapani. "Nje fimbo mbili. Ndani mtu mmoja."

"Moja ya kupanda, afande. Moja ya kushuka."

Kapteni aliliandika jibu hilo kwenye daftari.

Darini, chini ya magunia matupu, mwalimu Rusi wa Kisinga alibana pumzi. Alikuwa amecheka kwenye gwaride vyeo vya mkuu wa nchi vilipokuwa vikisomwa. Alijitahidi kujizuia hadi cha tisa. Sasa picha yake ilikuwa imebandikwa kwenye maduka yote ya Kasese, na Thembo alikuwa ameahidi kumvusha Kongo alfajiri.

"Njia ya Kongo iko wapi?"

"Hapa njia hakuna, afande. Iko mawe tu."

"Mwendo wa siku ngapi?"

"Njia ambayo haiko, siku zake sijui."

"Askari wa upande ule wanauliza watu majina?"

"Mimi sijafika huko."

Kapteni aliandika "hajafika", akapiga mstari chini yake.

Rusi akakohoa.

"Nini hiyo?"

"Pimbi, afande. Iko mingi huku maweni."

"Pimbi anakohoa?"

"Baridi ya huku, hata pimbi inapata mafua."

Kapteni alitazama dari kwa muda mrefu. Alikula maharage nusu sahani, kisha akaisukuma kando. "Hii ya pimbi wako."

Thembo aliisogeza sahani kando ya moto. "Askari wenu wako wapi, afande?"

"Wako nyuma. Watafika asubuhi."

Akavua buti, akajilaza mlangoni, asipite mtu.

Kulipopambazuka, mlangoni hapakuwa na mtu. Thembo alifungua taratibu, huku akipanga uongo mwingine. Kapteni alikuwa nje, koti halina nyota hata moja, anampasulia kuni mgeni ajaye. Na ukutani, kando ya zile fimbo mbili, palikuwa na ya tatu, fupi, inayong'aa.

"Mzee," alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "nivushe na mimi. Wale wa asubuhi wanakuja kunichukua."