Jina la Uwanja

Radovan Melicher alikiinamia kiti cha jikoni, akakishukuru kwa heshima kubwa kiliyompa. Akakohoa, akaanza upya. Hotuba yenyewe ilikuwa fupi, lakini kila alipofika penye neno "nyumbani" alirudi mwanzo.

Nyumba ilikuwa imefungwa tangu majira ya baridi ya mwaka juzi, mama yake, Etela, alipofariki. Siku ile Radovan alikuwa Kazakhstan na timu ilikuwa na mechi. Alifika kijijini akakuta kaburi limeshafunikwa na theluji.

Aliondoka hapo akiwa na miaka kumi na sita, akaishi mbali miaka ishirini na miwili. Alianzia Prešov, akaenda Ostrava, Ugiriki, Saiprasi, na mwisho huko kwenye nyika za baridi ambako hata golikipa wake hakujua kulitamka jina lake. Mechi nne za timu ya taifa. Goti la kushoto lililopasuliwa mara tatu. Mke aliyechoka kuhamahama, akabaki Ostrava. Krismasi alizokula na mama yake zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Basi Zvara, mwenyekiti wa kijiji, alipompigia simu, moyo wake ulipata joto ulilokuwa umelisahau.

"Rado, uwanja tumeukarabati. Sasa tunaupa jina. Jina la kwenu."

"La kwetu?"

"La nani tena? Baraza zima limenyoosha mkono, hata yule Kučera anayepinga hadi jua kuchomoza. Usipokuja itakuwa aibu yetu sote."

Alasiri ya Jumamosi ya sherehe aliteremka kwa miguu mpaka uwanjani. Gulashi, mchuzi mzito wa nyama, ilikuwa inachemka kwenye sufuria kubwa nyuma ya goli, na wanaume walikuwa wameshaionja pombe ya plamu. Kila alipopita walipunguza sauti, wakampisha. Wa kumfuata alikuwa mmoja tu, Imro, aliyecheza naye utotoni na siku hizi akivuta magogo kwa trekta.

"Wee Rado! Hilo tumbo umesajiliwa nalo, au ni la mkopo?"

"La mkopo. Wenyewe wamekataa kulichukua."

Imro alicheka, kisha kicheko kikamkatika. "Umefanya vizuri kuja. Kuna waliosema hutakuja. Mimi nikawaambia, kwa hili atakuja, hata akitambaa."

Walimpa nafasi kwenye benchi la mbele, katikati ya vikongwe waliovaa nguo za kanisani. Jukwaani hakuitwa, akaona ndivyo utaratibu ulivyo. Bibi wa kulia kwake aliushika mkono wake, akaubana kama anayemzuia mtu asianguke. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Radovan alistaajabu, maana hata jina la bibi huyo hakulikumbuka. Kumbe mtu anaweza kupendwa kutoka mbali hivi, naye yuko hotelini, anakula peke yake mbele ya televisheni, hana habari!

Zvara alishika kipaza sauti.

"Mtu tunayemheshimu leo hakupenda kelele. Tulipopanda daraja, hakudai hata kupigwa picha. Tuliposhuka, na jamani tulishuka, tusifichane..." Watu wakacheka. "Tuliposhuka, hakututupa. Iwe mvua, iwe matope, iwe theluji, hakukosa wiki hata moja. Kila mmoja wetu aliyekanyaga majani haya aliingia na heshima yake kwa sababu ya mtu huyu. Na sisi, aibu yetu, asante hatukuisema kwa wakati."

Radovan aliinamisha kichwa. Yeye kukosa alikuwa amekosa. Alikosa wiki, alikosa miaka. Lakini alijua sifa za jukwaani hutiwa chumvi, na tangu astaafu hakuna chumvi iliyowahi kumkolea namna ile.

"Rado, mwanetu," Zvara akaita, "njoo wewe ndiye uvute kitambaa. Na kama koo litakuruhusu, useme mawili matatu."

Alipanda. Ukutani, kando ya mlango wa vyumba vya wachezaji, kibao kilikuwa kimefunikwa. Ile karatasi ya hotuba aliiacha mfukoni.

"Mimi sikustahili," alianza. "Nilikuwa mpiga mpira tu, na watu wakanilipa kwa kazi hiyo. Nimecheza mbele ya maelfu, wakaniimbia, lakini taa zikizimwa hakuna hata mmoja aliyeniambia, twende nyumbani. Ninyi mmeniambia. Nilidhani mmenisahau. Jina langu likibaki hapa, basi na mimi nimebaki hapa. Asanteni."

Hakuna aliyepiga makofi. Imro alikuwa anatazama viatu vyake. Kikongwe mmoja alifumbua mdomo, mwenzake akamgusa goti, akaufumba. Wamezidiwa, Radovan alijiambia, na yeye mwenyewe akafuta macho kwa kiganja.

Zvara alimsogelea, akamwekea mkono begani. Kipaza sauti alikuwa amekizima.

"Vuta tu, mwanangu," alisema polepole. "Vuta."

Kitambaa kilidondoka miguuni pake. Herufi zilikuwa nyeupe, zimepakwa kwa mkono:

UWANJA WA ETELA MELICHEROVÁ
ALIYETUFULIA JEZI MIAKA THELATHINI NA MINNE