Tonge la Shaame

Tangu matumbawe yaishe baharini, kila nyumba ya pwani ilikabidhiwa tumbawe moja hai, ilitunze kwenye tangi la kioo. Nyumba iliyozembea ilipokonywa.

Zuwena alilitunza la kwao kama mboni ya jicho. Alibadilisha maji, akaosha chujio, lakini wapi! Fosfeti, chumvi inayorutubisha mwani, ilizidi kupanda majini, na mwani ukalifunika tumbawe gubigubi. Mchana mmoja akamfuma mama yake, Bi Mgeni, akidondosha tonge la wali tangini.

"Mama! Wali ukioza ndio unaoulisha huu mwani!"

"Mdogo wako hajala," mama akajibu, akimwonyesha samaki mmoja wa manjano.

Shaame, mdogo wake Zuwena, alikuwa amezama baharini zamani, angali mtoto.

Zuwena hakuwa na moyo wa kumkataza. Wakaguzi walipokuja, walichukua tumbawe, samaki na maji yote.

Kesho yake, wakati wa chakula, Bi Mgeni alisimama mbele ya kioo kikavu, tonge mkononi.

"Shaame yuko wapi?"

"Nipe mimi, mama. Nitampelekea."

Zuwena akalipokea, akamgeuzia mgongo, akalimeza bila kulitafuna.