Bwawa Tupu

Kutoka dirisha la jikoni, Beya alikiona kichwa tu cha mumewe, ambaye alikuwa ndani ya bwawa lao la kuogelea, alilolimwaga maji yote, akisugua kuta. Mvua ya wiki nzima ilikuwa imefurikisha visima vya mji wa Hammamet.

"Fundi alisema wakati wa baridi tupunguze maji kidogo tu, tufunike," Beya alimpigia kelele. "Maji ya ardhini yakipanda, yanalisukuma juu. Bwawa tupu huelea!"

"Lielee? Kwani mashua hii? Wewe kata boga lako la kuskusi."

Ardhi ikanguruma. Kisu cha Beya kikakwama katikati ya boga. Sasa aliyaona mabega ya mumewe, kisha kifua, kisha mkanda wa suruali, na mtu mwenyewe hajapanda ngazi hata moja.

Mumewe akamtazama, brashi mkononi, bado anacheka.

"Beya, mbona umekuwa mfupi?"