Kamati ya Injini ya Douwe

"Napinga," alisema Gerben, mkono wake ukinyemelea kopo la biskuti.

Douwe akalifunga kopo. Kahawa moja, biskuti moja. Na Gerben alishakula yake, makombo bado yamemganda kwenye sharubu.

"Unapinga nini tena, bwana? Jumatano iliyopita ulikubali."

"Jumatano iliyopita nilikubali dizeli. Sikukubali turbo."

Hiyo ndiyo ilikuwa kamati ya injini: Douwe mwenye gari, Gerben karani mstaafu wa posta aliyeandika kumbukumbu za vikao, na Wiebe, fundi wa zamani wa vivuko. Mwaka wa tisa huu, kila Jumatano saa nne asubuhi, sebuleni kwa Douwe, walikuwa wakilichagulia injini gari-nyumba lake la rangi ya chungwa, lenye kitanda, jiko na mapazia ndani. Injini yake ya petroli ilikata roho juu ya daraja, njia ya kwenda Harlingen. Gari likavutwa kwa kamba hadi bandani kwa mkulima Bouke, likafunikwa turubai. Douwe hakukanyaga huko tena. Hakuwa na moyo wa kuitazama maiti. Mkewe, Hiske, ndiye aliyekuwa akienda kulifuta vumbi.

Kijijini kwao, jimboni Friesland, watu hawapigi kura. Jambo hujadiliwa mpaka asibaki mwenye nguvu ya kubisha. Walishajadili injini ya silinda nne, ya silinda tano, ya umeme. Ya umeme ilikula majira yote ya baridi, na Wiebe akanuniwa hadi Pasaka. Mjumbe wa nne walimfukuza kwa sababu alikuja na jibu.

Lakini leo Douwe hakuwa na mzaha. Jumamosi Hiske angetimiza miaka sabini. Siku Douwe alipostaafu, mbele ya ukoo mzima ulioketi duara na vipande vya keki magotini, alimwapia mkewe: "Kabla hujafika sabini, nitakusimamisha Nordkapp, juu kabisa ya Norwei, ukalione jua lisilotua."

Na Hiske, jamani, huyo ndiye mke! Hakuwahi kumsukuma. "Msiharakishe, mume wangu," angesema akivaa koti. "Injini si soksi. Jadilianeni." Kisha angeondoka zake kwenda kwaya, yeye na mke wa Gerben na mke wa Wiebe. Kwaya yenyewe ilikuwa na bidii: kila Juni wiki tatu za mazoezi mbali na nyumbani. Walikuwa wakirudi wamebabuka jua, sauti zimewakauka. Hata sasa Hiske alikuwa chumbani juu, akikoroma. Alikuwa amerudi kutoka mazoezini asubuhi ile ile.

Upole huo ndio uliomchoma Douwe. Angelalamika, Douwe angejua bado anangoja. Mke asiyeuliza kitu, huyo ameshakufuta.

"Sikilizeni," akasema, akafanya jambo ambalo halijawahi kutokea nyumba ile: akalifungua kopo tena na kuwasukumia. "Kuleni. Chukueni hata tatu."

Wazee wakatazamana.

"Douwe, unaumwa?" Wiebe akauliza.

"Naona aibu. Miaka arobaini na mitano ya ndoa, ahadi moja tu imenishinda. Tunaamua sasa hivi, kisha tunakwenda bandani kupima nafasi ya kuiweka. La sivyo kamati naivunja, na injini naichagua peke yangu."

Peke yake! Kalamu ikamponyoka Gerben. Akatafuna biskuti ya pili. Akatafuna ya tatu.

"Haya, dizeli," akasema hatimaye. "Na turbo. Ila iandikwe kwamba nimelazimishwa."

"Mwandishi si wewe?"

"Basi naandika."

Saa tano na nusu baiskeli tatu ziliegemezwa ukutani kwa Bouke, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni mwa Wiebe. Mkulima alikuwa akiwatupia ng'ombe majani. Akawaonyesha banda kwa kidevu, akaendelea na kazi yake.

Douwe alisimama mbele ya turubai. Alishapanga maneno atakayomwamshia Hiske. Angeketi ukingoni mwa kitanda, amshike mkono, amwambie: mke wangu, tumechagua.

Wakalivuta turubai.

Kwenye kioo cha nyuma zilibandikwa stika nane za Nordkapp, kila moja na mwaka wake. Ya mwisho ilikuwa ya mwaka huu. Wiebe akainua kifuniko cha injini. Dizeli. Yenye turbo.

"Hii imepitishwa na kikao gani?" Gerben akafoka, akipekua daftari.

Douwe alikuwa ameweka kiganja juu ya injini, na injini bado ilikuwa na joto.