Sura Bila Ridhaa

Video ile ilirudi tena asubuhi, safari hii imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo. Maandishi ya maduka yalisomeka kinyumenyume, na pikipiki iliyoanguka ilikuwa kulia badala ya kushoto. Mashine ya kuchuja ilishafunzwa kuikamata, lakini kwa ujanja huo mdogo ikapita. Ikaangukia kwenye kompyuta ya Rosenda.

Rosenda alivaa hedifoni, akaitazama yote.

Alikuwa na miaka kadhaa katika jengo hili la Mandaluyong, akiondoa mtandaoni yale ambayo watu hawapaswi kuyaona: waliochinjwa, waliojinyonga, watoto waliofanyiwa yasiyosemeka. Kampuni ya ng'ambo ilitunga kanuni, wao wakazitekeleza. Wenzake wengi hawakula nyama tena. Yeye siku hizi hata wali ulimshinda.

"Dada Senda," alisema Dindo wa dawati la jirani, "si sekunde tatu tu zinatosha? Ukishaona damu, unafuta, unasonga mbele. Wewe unaitazama mpaka mwisho kama tamthilia."

"Lazima nihakikishe."

"Unahakikisha nini, na umeshaifuta mara chungu nzima?"

Kwenye skrini, kijana wa kupeleka chakula aligusa kioo cha pembeni cha gari penye taa za barabarani. Wanaume watatu wakashuka. Wawili walimpiga mateke. Wa tatu alizunguka nyuma, akafungua buti, akarudi na spana ya magurudumu. Rosenda alisimamisha picha hapo, akasogeza uso karibu na skrini, akabaki hivyo kitambo. Kisha akabofya: *Damu na ukatili. Imeondolewa.*

Aliyekuwa akiiweka mtandaoni ni mama wa yule kijana, Pacita, muuza mboga wa Pasig. Mwanawe, Efren, alikuwa hospitalini na hajafumbua macho tangu siku ile. Polisi walimwambia kwamba bila majina hawana pa kuanzia. Mpita njia aliyepiga video alimwachia nakala, akahama mtaa kwa hofu. Basi ikawa mama anaiweka, inafutwa, anaiweka tena: *Mwenye kuwajua hawa, kwa ajili ya Mungu, anisaidie.*

"Hii ungeipandisha juu," Dindo alisema walipokuwa wakinywa kahawa. "Kanuni ina mlango. Mtu akitafuta haki, wakubwa wanaweza kuiacha, wakaiwekea onyo tu."

"Wakubwa wana kazi nyingi."

"Na huyo mama ana nini? Starehe?"

Kila ikifutwa, Pacita alikata rufaa. Wengine kwenye nafasi ya kuandikia sababu hujaza matusi. Yeye aliandika: *Ndugu yangu unayefuta, sijui kama u mwanamume au mwanamke. Una mtoto?*

Rosenda alisoma. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi ingawa haikuwa na vumbi. Akaikataa rufaa.

Msimamizi wao, bwana Villarosa, alipita akasimama nyuma ya kiti chake. "Rosenda, wewe una homa. Nenda nyumbani ukalale. Likizo yako yote hujaigusa."

"Nitalala Jumapili, bwana."

"Na hizi video za ukatili wa hapa mjini ulizoziomba mwenyewe, hebu nimpe mtu mwingine. Utakumaliza."

"Usimpe mtu!" Ilimtoka kwa nguvu, watu wakageuka. Akashusha sauti. "Hawa wengine bado wabichi, bwana. Acha wasione."

Villarosa alimgusa bega. "Una moyo, mama. Mungu atakulipa."

Mchana Pacita alibadili mbinu. Hakuweka video. Aliweka picha moja tu, uso wa yule mwanamume wa tatu, umekatwa na kukuzwa. Haukuwa wazi sana, lakini aliyemjua angemjua. Hapakuwa na damu, wala spana, wala mtu aliyelala chini.

Dindo alichungulia, akapiga meza. "Hapo kakuweza! Hakuna cha kufuta hapo."

Rosenda alifungua kanuni, akapekua fungu baada ya fungu. Jasho lilimtoka ingawa kiyoyozi kilikuwa kikivuma juu ya kichwa chake. Alipolipata fungu alilolitafuta, alibofya: *Faragha. Kuanika sura ya mtu bila ridhaa yake.*

"Faragha ya nani, dada?" Dindo alikuwa amesimama. "Ya mpigaji? Mwenzake amelala na mipira puani, dunia nzima inajua jina lake, halafu huyu ndiye tumsitiri?"

"Kanuni ni kanuni, Dindo."

"Basi aliyeitunga hakuzaliwa na mwanamke."

Alivuta kiti chake mbali, na hadi kazi ilipoisha hakumsemesha tena.

Jioni mvua ilipiga, jipni ya abiria ikakwama kwenye maji kabla ya kufika Marikina. Rosenda alishuka, akatembea viatu mkononi, nguo zikimganda mwilini. Sokoni walikuwa wakifunga. Alinunua samaki wa mwisho mwisho bila kupatana bei.

Nyumbani aliwasha jiko kabla hata ya kubadili nguo. Alipika mchuzi wa ukwaju, akaandaa sahani mbili, akagonga mlango wa chumba. Rodel, mwanawe wa pekee, alitoka alikokuwa amejifungia, mtu mzima aliyepungua mashavu. Aliketi, akala haraka haraka, kama anayehofia kunyang'anywa.

"Mama," aliuliza bila kuinua macho, "leo uso wangu ulionekana?"

"Kidogo tu," Rosenda akasema, akamwongezea wali.